Nafunga ili otofajia isafishe fizi zangu, bado nahitaji daktari wa meno?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 36, fizi zinatoka damu nikipiga mswaki, sasa karibu mwaka, na jino moja la chini mbele naona kama linacheza. Nimesoma kwamba ukikaa na njaa masaa 16 na kuendelea seli zinaanza kujila zenyewe, zinakula uchafu na bakteria, wanaita otofajia. Nimefunga hivyo wiki tano na kweli damu imepungua sana. Ila sigara zimeongezeka kidogo maana njaa inanisumbua. Niendelee tu hivi au bado niende kwa daktari wa meno? Na dawa za kuongeza otofajia zipo?

JIBU: Marahaba. Nianze na la haraka, nenda kwa daktari wa meno wiki hii ukiweza, jino la mtu mzima halichezi hivi hivi. Mengine yote nitakayoandika ni ya kukueleza kwa nini, na ni marefu, kwa hiyo tafuta pa kukaa.

Otofajia ni kitu cha kweli kabisa, sio stori za mitandaoni. Neno lenyewe limetoka kwenye Kigiriki, maana yake kujila, na aliyelitunga ni Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1963, ndo huyo huyo aliyegundua laisosomu, vile vifuko vidogo ndani ya seli vyenye vimeng'enya vya kuyeyushia takataka. Baadaye sana akaja Mjapani Yoshinori Ohsumi, akachukua hamira, hii hii ya kuumulia mkate, akatafuta seli ambazo vimeng'enya vyake vya kuyeyushia havifanyi kazi, akazinyima chakula, na ndani ya masaa machache akaona kwa hadubini vifuko vimejazana kwa sababu takataka zinakusanywa ila haziyeyuki. Kitu rahisi namna hiyo! Akatoka hapo akazisaka jeni zinazohusika na mwaka 2016 akapewa Nobel peke yake. Tangu hapo kila anayeuza mpango wa kufunga analo hilo neno mdomoni.

Inavyofanya kazi ni hivi. Ndani ya seli kuna vitu vinachakaa kila siku, protini zilizojikunja vibaya, mitokondria (vile vinu vidogo vya nishati vya seli) zilizochoka, mara nyingine hata bakteria aliyejipenyeza. Seli inatengeneza utando wa tabaka mbili, utando unakizunguka kile kitu mpaka unajifunga kama mfuko, mfuko unaenda kuungana na laisosomu, kilichomo kinayeyushwa na vipande vyake vinatumika upya. Anayezuia hii kazi isiendeshwe ovyo ni protini inaitwa mTOR. Ukila, insulini na amino asidi zikipanda, mTOR inafunga breki. Ukikaa na njaa breki inaachiwa. Kwa hiyo mpaka hapo ulichosoma kiko sawa, sikupingi.

Shida inaanza pale mtu anapodhani njaa ndo swichi pekee. Hapana. Sumu za bakteria zinaiwasha, upungufu wa oksijeni unaiwasha, mitokondria zikianza kuvujisha kemikali zake kali nazo zinaiwasha. Na fizi inayoumwa ina hivyo vyote kwa pamoja, masaa yote, uwe umefunga au umetoka kula sahani mbili. Watafiti wakipima seli za damu na nyama ya fizi za watu wenye ugonjwa wa fizi wanakuta alama za otofajia ziko juu kuliko za watu wazima wa afya. Yaani wafagiaji wako wako kazini muda mrefu tu kabla wewe hujaanza kufunga, na bado fizi ilikuwa inatoka damu. Hapo inabidi ujiulize, kama wafagiaji wapo na uchafu haupungui, uchafu unatokea wapi?

Unatokea nje. Otofajia ni kazi ya ndani ya seli, mfuko ule unakunjwa ndani na kuyeyushwa ndani. Ule ukoga laini mweupe au wa njano unaokaa pale jino linapokutana na ufizi uko nje ya seli zako zote, umeshika kwenye jino, ni mamilioni ya bakteria wamejijengea ute wao wakajifunika humo. Hamna seli yako inayoweza kutoa mkono nje ikaufunga kwenye mfuko. Ukiachwa siku kadhaa unaanza kunyonya kalsiamu na fosfeti kutoka kwenye mate, unaganda, unakuwa ugaga, yaani jiwe, na juu ya jiwe ukoga mwingine unashika vizuri zaidi maana pamekwaruza. Unaweza kufunga mwezi mzima, jiwe litakusubiri pale pale.

Kwamba ukoga ndo chanzo hatubahatishi. Mwaka 1965 Harald Løe na wenzake kule Denmark walichapisha jaribio ambalo mpaka leo kila mwanafunzi wa meno analijua, walichukua watu 12 wenye fizi nzuri wakawaambia waache kusafisha meno. Wote 12 fizi zilivimba, wengine siku ya 10, wa mwisho wiki ya tatu. Wakarudi kusafisha, ndani ya kama wiki moja fizi zikarudi kawaida. Napenda sana hili jaribio maana halina ujanja wowote, ni mswaki tu kuondoka na kurudi.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe, otofajia inafanya nini hasa kwenye fizi, maana sitaki uone nimeidharau.

Kwenye fizi iliyovimba kinachokuumiza sio bakteria peke yao, kwa sehemu kubwa ni kinga yako mwenyewe. Sumu ya bakteria inaingia, mitokondria za seli za fizi zinaharibika, zinavujisha zile kemikali kali, na kuna kundi la protini ndani ya seli linaitwa NLRP3 ambalo kazi yake ni kunusa harufu ya uharibifu kama huo. Likinusa linawasha king'ora, king'ora chenyewe ni kemikali inaitwa IL-1β, hiyo inaita askari wengi zaidi, mishipa inapanuka, fizi inakuwa nyekundu na laini, ukiigusa inatoa damu. Ndo tunaita inflamesheni, au mchochota kwa wanaopenda Kiswahili cha vitabuni. Otofajia inaingia hapo kama mtu mwenye busara kwenye ugomvi, inameza mitokondria mbovu kabla hazijavujisha sana, inameza hata malighafi ya IL-1β yenyewe, king'ora kinapungua sauti. Kwenye maabara ukizima otofajia kwenye seli za namna hii IL-1β inapaa. Kwa hiyo ndiyo, inatuliza mchochota, na inameza bakteria wanaojipenyeza ndani ya seli pia. Aliyekuambia hilo hakukudanganya, kakupa nusu tu.

Nusu nyingine ni hii. Kuna bakteria anaitwa Porphyromonas gingivalis, kati ya wote wa kwenye fizi huyu ndo namuogopa. Mwaka 1998 timu ya mtafiti wa meno Sigmund Socransky iliwapanga bakteria wa ukoga kwa makundi ya rangi na huyu akawekwa kundi jekundu pamoja na wenzake wawili, Tannerella forsythia na Treponema denticola, ndo wanaokutwa kwenye mifuko mirefu kabisa ya fizi, yaani ile nafasi inayobaki fizi ikiachana na jino, sio ile mifuko ya ndani ya seli. Gingivalis hakai nje tu, anaingia ndani ya seli. Ungetegemea akishaingia otofajia imkamate imfunge kwenye mfuko imyeyushe. Na kweli inamfunga! Ila kwenye seli za mishipa ya damu watafiti waliona akishafungwa anazuia mfuko wake usiungane na laisosomu, anakaa humo ndani salama, kinga haimuoni, na protini zinazoyeyushwa na seli anazifanya chakula chake. Walipozuia otofajia kwa dawa, bakteria waliobaki hai walipungua. Soma tena hiyo sentensi. Kwa huyu bakteria, kwenye seli hizo, otofajia ni gesti ya bure. Kwenye seli za juu za fizi nako ana mchezo unaofanana, anajificha kwenye vifuko vya namna hiyo na kuzaliana.

Kwa hiyo mtu akikuambia ongeza otofajia uue bakteria wa fizi, muulize bakteria gani na kwenye seli ipi. Atanyamaza.

Halafu kuna mfupa, na hapa ndo jino lako linalocheza linahusika. Jino halijashikwa na fizi, limeshikwa na nyuzi zilizopandwa kwenye mfupa. Mchochota ukikaa sana unatuma ishara kwa seli zinaitwa osteoklasti, seli kubwa zenye kazi ya kula mfupa, zinajishikiza kwenye mfupa na kumwaga asidi na vimeng'enya chini yake. Sasa utashangaa, zile protini zile zile za otofajia, ATG5, LC3 na wenzao, osteoklasti inazitumia kupeleka hiyo asidi na vimeng'enya kwenye mfupa. Kwenye panya waliotolewa ATG5 kwenye seli hizo, ulaji wa mfupa ulipungua. Upande wa pili seli zinazojenga mfupa nazo zinahitaji otofajia ili kuweka madini. Yaani chombo kimoja kinatumiwa na anayejenga na anayebomoa, na wewe ukikaa na njaa huwezi kuchagua nani akipate. Anayeamua nani azidiwe ni mchochota, na mchochota unaamuliwa na ukoga na ugaga uliokaa pale chini. Tunarudi pale pale.

Na damu yako imepungua, hilo sijalisahau, na hapa inabidi niwe mkweli hata kama halitakufurahisha. Sababu ya kwanza inaweza kuwa nzuri tu, masaa mengi hakuna sukari mdomoni. Kuna jaribio lilichapishwa mwaka 2009 huko Uswisi, watu 10 waliishi wiki nne kama watu wa zama za mawe, hamna sukari ya kiwandani, hamna mswaki wala dawa ya meno. Ukoga uliongezeka, lakini sehemu zinazotoka damu zilishuka kutoka karibu asilimia 35 hadi karibu 13. Kwa hiyo chakula kina uzito wake kwenye mchochota na mi siwezi kusema hakina, na huhitaji hata kulitaja neno otofajia kuelewa hilo.

Sababu ya pili ndo iliyonifanya nisome swali lako mara mbili. Umesema sigara zimeongezeka. Sigara inapunguza damu kwenye fizi, hili linajulikana miaka mingi, fizi ya mvutaji inapauka, inakuwa ngumu, haivimbi sana, haitoi damu sana, na huko chini mfupa unaliwa haraka kuliko wa asiyevuta. Nimeona wagonjwa wengi wa namna hii, anakuja anasema daktari fizi zangu ziko poa kabisa hazitoi hata tone ila meno yanacheza, ukiuliza anavuta, ukipima mifuko ni milimita saba nane. Damu kwa mvutaji ni taa ya dashibodi iliyokatwa waya. Kwa hiyo kupungua kwa damu yako ndani ya wiki tano huku sigara zinapanda, mi siwezi kulihesabu kama kupona, na jino linalocheza linanipa wasiwasi zaidi.

Kuhusu dawa. Ipo moja inayoachia breki ya mTOR kweli kweli, inaitwa rapamisini, ilitokana na bakteria wa kwenye udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, ndo maana ikaitwa hivyo. Madaktari wanaitumia kwa waliopandikizwa figo ili mwili usiikatae, yaani inashusha kinga. Mwaka 2020 watafiti wa Seattle waliwapa panya wazee hiyo dawa wiki nane, mchochota wa fizi ukapungua, mfupa uliokuwa umeliwa kuzunguka meno ukarudi kiasi, hata mchanganyiko wa bakteria mdomoni ukabadilika ukakaribia wa panya vijana. Ni kazi nzuri sana na mi binafsi ilinisisimua. Ila yule ni panya, alafu mTOR inaendesha mambo kibao zaidi ya otofajia kwa hiyo sio kwamba otofajia peke yake ndo imefanya. Na kichekesho ni kwamba kwa binadamu moja ya madhara yanayojulikana sana ya dawa hii ni vidonda vya mdomoni. Usije ukaagiza mtandaoni, tafadhali. Zile kapsuli zingine zinazoandikwa zinaongeza otofajia weka hela yako mfukoni, matibabu ya ugonjwa wa fizi yanayokubalika hayana kapsuli hizo hata moja.

Ukifika kwa daktari wa meno atafanya hivi, na usipoona anafanya hivi uliza. Atachukua kijiti chembamba chenye alama za milimita apime katikati ya fizi na jino, kila jino sehemu sita. Moja hadi tatu ni kawaida, nne na kuendelea ni mfuko. Atapiga picha ya eksirei aone mfupa umeshuka kiasi gani. Halafu atakung'olea ugaga, juu na chini ya ufizi, kwa kifaa kinachotetema au vya mkono, mifuko ikiwa mirefu atakuchoma ganzi, inaweza kuchukua zaidi ya siku moja. Fizi ikipona itajivuta kidogo na meno yataonekana marefu, watu wanalaumu daktari hapo, lakini ule ulikuwa uvimbe umeondoka. Baada ya miezi miwili mitatu anapima tena, mfuko uliobaki mrefu ndo unafikiriwa upasuaji. Mfupa ulioliwa kwa kawaida haurudi wenyewe, kazi kubwa ni kusimamisha usiendelee, na meno yaliyokuwa yanacheza kidogo mara nyingi hukaza.

Uone pia kwamba hapo ndo otofajia yako inapata nafasi. Sumu ikiacha kumiminika, mitokondria zinazoharibika zinapungua, wafagiaji wale wale waliokuwa wanazidiwa sasa wanaimudu kazi. Hujawaongeza, umewapunguzia mzigo.

Nyumbani mswaki laini mara mbili kwa siku, na katikati ya meno tumia viburashi vidogo vya kupenyeza au uzi pale kiburashi kisipoingia, maana ugonjwa wa fizi unapenda kuanzia huko katikati ambako mswaki haufiki. Damu isikufanye uruke sehemu, wengi wanaacha kusafisha panapotoka damu na ndo wanapalisha.

Pima sukari pia. Umri wako, fizi mwaka mzima, jino linacheza, mi ningetaka kujua. Kisukari na ugonjwa wa fizi vinachocheana pande zote mbili, na kwa mwenye kisukari kutibiwa fizi vizuri kunashusha HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu kwa miezi kama mitatu, kwa kama pointi 0.4 za asilimia hivi baada ya miezi mitatu minne, sio kidogo kwa kazi ya kusafishwa meno. Na ukikutwa nacho, habari ya kufunga masaa 16 ongea na daktari wako kwanza, hasa ukiwekwa kwenye insulini, sukari inaweza kushuka ukazimia.

Kama huna kisukari na kufunga kunakufaa kwa uzito au kwa mengine, endelea, sina ugomvi nako. Kunywa maji muda wote wa kufunga maana mdomo mkavu hauna mate ya kutosha na mate ndo ulinzi wa kwanza wa meno, na piga mswaki usiku na asubuhi hata siku ambayo hujala kitu, ukoga haufungi na wewe. Sigara ndo ningekuomba uanze nayo kabla ya yote, kama njaa ndo inakusukuma kuvuta basi punguza masaa ya kufunga, bora ule asubuhi kuliko uvute mbili za kusukumia mchana.

Na ukiacha, jiandae, wiki chache za kwanza fizi zinaweza kutoka damu zaidi kuliko sasa hivi hata kama unasafisha vizuri. Usikimbilie kuvuta tena ukidhani umeharibu. Waya wa ile taa ndo umeunganishwa.